Kitanda cha Umeme Hospitalini: Usichomoe Plagi Ukachaji Simu

Leo naomba tuongelee kitu ambacho wengi wetu hatujui hata kama kipo: betri iliyofichwa chini ya kitanda cha umeme cha hospitali. Nawaandikia wote wenye ndugu waliolazwa, manesi, madereva wa ambulansi na mafundi wenzangu wa Lulindi, Masasi, Newala na kwingineko. Mnaoweza kuprinti, printini mkabandike wodini.

Kwa nini nahangaika na betri? Fikiria mgonjwa ameinuliwa mgongo kwa sababu pumzi inambana. Umeme unakatika. Baada ya dakika chache moyo wake unasimama. Ili akandamizwe kifua inatakiwa alale chali, mgongo sawasawa. Sasa kama kitanda kimegoma kushuka kwa sababu betri ilikufa siku nyingi na hakuna aliyejua, watu wanaanza kushindana na chuma badala ya kumsaidia mtu. Hapo kila dakika ni hasara.

VITANDA HIVI VINATOKA WAPI
Tuwe wakweli, zahanati na vituo vya afya vingi huku vijijini vina vitanda vya kawaida au vya kuzungusha mpini kwa mkono. Vya umeme utavikuta zaidi kwenye hospitali kubwa, hasa vyumba vya wagonjwa mahututi. Septemba 2021 IMF iliidhinishia Tanzania mkopo wa dola milioni 567, ambao serikali iliupangia kwenye mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na Uviko-19. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye vyumba vya mahututi, majengo ya dharura na ambulansi. Njia ya pili ni misaada: kontena linatoka Ulaya au Marekani likiwa na vitanda vilivyotumika, linashushwa Dar au Mtwara.

Na kusini tunaujua umeme wetu. Kwa miaka mingi tulikuwa nje ya gridi ya taifa, tukaishi kwa mitambo ya dizeli, baadaye gesi ya Mnazi Bay. Kutoka Mtwara mpaka Masasi ni karibu kilomita 200. Mti ukiangukia waya njiani, wote tunakaa gizani.

BETRI YENYEWE NI NDOGO KULIKO UNAVYODHANI
Mota za vitanda vingi zinatumia volti 24. Chini ya godoro kuna boksi lenye betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Nyingi nilizofungua ni za risasi na asidi, zile zilizofungwa kabisa zisizoongezwa maji, na zina kati ya ampea-saa 1.2 na 5.

Tupige hesabu. Volti 24 mara ampea-saa 1.3 ni wati-saa 31 hivi. Simu yenye betri ya 5,000 inabeba kama wati-saa 19. Kwa hiyo betri ya kitanda kinachoinua mtu wa kilo 80 inaweza kuwa na nguvu ya simu moja na nusu tu! Mota ikibeba mzigo inaweza kuvuta wati 100 na zaidi. Kwa makaratasi hiyo ni dakika 15 au 20 za kuinua na kushusha, na kwa vitendo ni pungufu, manake betri ya risasi ikivutwa kwa nguvu haitoi yote iliyonayo.

Maana yake ni nini? Betri ile haikuwekwa ili kitanda kiishi bila umeme. Iliwekwa kama mlinzi wa usiku. Kazi yake ni kukupa nafasi ya kumlaza mgonjwa vizuri umeme ukikatika, au kumhamisha kutoka wodi moja kwenda nyingine. Basi.

INAKUFA KWA KUKAA TUPU
Watu wanadhani betri inakufa kwa kutumiwa sana. Kwa hizi za risasi, kinachoua zaidi ni kuachwa bila chaji. Ikikaa tupu, ndani hujengeka ukoko mgumu wa salfeti kwenye bamba za risasi. Ukoko ukishazoeleka, unaweza kuchaji mpaka kesho na haishiki.

Na kitanda kilichochomolewa hakikai bure. Hata bila mtu kugusa rimoti, boksi la kuongozea mota linakunywa kidogo kidogo. Betri yenyewe nayo, hata ikiwa imekaa stoo, hupoteza kama asilimia 3 ya chaji kwa mwezi kwenye nyuzi joto 20, na joto likipanda nyuzi 10 upotevu huo unakaribia mara mbili. Tena betri inayoishi kwenye joto la nyuzi 35 huishi karibu nusu ya muda wa ile inayoishi kwenye 25. Joto la Masasi la Oktoba na Novemba mnalijua wenyewe.

Sasa nije kwenye simu. Wodini soketi ni chache. Ndugu wa mgonjwa ametoka mbali, simu imezima, anataka kuwapigia wa nyumbani. Anaona plagi ya kitanda, anachomoa, anachomeka chaja. Simlaumu, shida yake naielewa. Lakini tatizo si yale masaa mawili ya kuchaji simu. Tatizo ni kwamba akimaliza anaondoka na chaja yake, na plagi ya kitanda inabaki sakafuni. Zamu inabadilika, hakuna anayeangalia. Kitanda bado kinapanda na kushuka kwa betri, kwa hiyo kila mtu anaona kizima. Siku inayogoma ndiyo siku inayohitajika.

Kuna kituo kimoja nilichoitwa, sitakitaja. Niliambiwa vitanda vitatu ni vibovu, mota zimeungua. Mota zote zilikuwa nzima. Betri zote tatu zilikuwa zimekufa kwa kukaa bila kuchomekwa, na soketi mbili ukutani hazikuwa na umeme kabisa. Vitanda vilikuwa vimeshaandikwa kwenye orodha ya vya kutupwa.

Na haya si ya kwetu peke yetu. Perry na Malkin walichapisha utafiti mwaka 2011 wakakuta asilimia 38 hivi ya vifaa tiba katika nchi zinazoendelea vilikuwa havifanyi kazi. Sababu kubwa walizotaja ni mafunzo, usimamizi wa vifaa, na miundombinu kama umeme. Mara nyingi kifaa si kibovu, ila hakuna wa kukitunza.

SHERIA ZA KUFUATA
1. Kitanda kikiwa kimesimama mahali pake, kikae kwenye umeme saa zote. Chaja yake inajua kupunguza ikijaa.
2. Chomeka moja kwa moja ukutani, si kwenye eksitensheni. Mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu moto kwenye vitanda vya umeme, na hilo lilikuwa mojawapo ya mambo iliyosisitiza. Angalia pia waya usibanwe na magurudumu au fremu, na vumbi lisijae kwenye boksi.
3. Betri ikiisha, ipe saa 8 hadi 12 za chaji. Nusu saa haitoshi.
4. Umeme ukikatika, kwanza mweke mgonjwa kwenye mkao salama. Baada ya hapo funga rimoti. Usipandishe kitanda kwa ajili ya kutandika shuka.
5. Usibonyeze mfululizo. Mota nyingi zimetengenezwa kufanya kazi dakika 2 kisha kupumzika 18. Watoto wakifanya rimoti mchezo, wanamaliza betri na wanachosha mota.
6. Kila mwezi fanya jaribio: chomoa plagi, mtu mzima mmoja alale, inua mgongo mpaka mwisho, shusha. Kikienda kwa kusuasua au kikilia, betri imechoka.
7. Tafuta mpini wa dharura. Vitanda vingi vya mahututi vinao pembeni, mara nyingi mwekundu, na ukiuvuta mgongo unashuka bila umeme. Kila nesi wa zamu aujue kabla ya siku ya tukio. Shikilia mgongo ushuke taratibu.

KWA MAFUNDI
Pima kila betri peke yake, ikiwa imepumzika masaa kadhaa baada ya chaji. Volti 12.8 imejaa, 12.5 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, chini ya 12 iko karibu tupu. Moja ikiwa mbovu, badilisha zote mbili kwa pamoja, aina moja na umri mmoja. Mpya ikifungwa na kuukuu, kuukuu inaivuta mpya chini. Andika tarehe juu ya boksi kwa maka peni.

Tafadhali usifunge betri ya gari kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Chaja ya kitanda ni ndogo, haiwezi kuijaza vizuri, na betri ya maji inatoa gesi inayowaka na inaweza kumwaga asidi chini ya mgonjwa. Za zamani usizichome wala kuzipasua, risasi ni sumu na watoto wetu wanacheza hapo hapo.

Kitanda kutoka Marekani soma kibandiko kwanza. Kama kimeandikwa volti 120 na ukakichomeka kwenye 230 yetu, umekiua papo hapo. Kinahitaji transfoma ya kushusha.

MACHELA ZA UMEME
Hizi za kwenye ambulansi bado ni chache kwetu. Betri yake kwa kawaida inachomoka, kwa hiyo utaratibu ni kuwa na mbili: moja kazini, moja kwenye chaja, na kubadilishana kila zamu. Lakini jua kwamba machela ya umeme yenyewe inazidi kilo 50 kabla mgonjwa hajalala. Betri ikiisha kwenye mchanga, mtaibeba hiyo yote kwa mikono. Kabla ya safari ya kwenda Ndanda au Mtwara, dereva aangalie betri kama anavyoangalia mafuta.

JE, KILA KITUO KINAHITAJI KITANDA CHA UMEME?
Mimi nasema hapana. Lulindi ilikuwa na hospitali ya misheni ya UMCA enzi ambazo gridi haikuwepo hata kwenye ndoto. Daktari Leader Stirling alifika hapa 1935, akatibu na kupasua watu miaka mingi, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania, 1975 hadi 1980. Kilichowaponya watu wakati ule ni mikono iliyojua inachofanya.

Kwa kituo ambacho umeme unakatika kila wiki na fundi yuko mbali, kitanda cha kuzungusha kwa mkono ni bora kuliko cha umeme kilichokufa. Kwa hiyo wakubwa wakija na kontena la msaada, waulizwe kwa heshima: Ni volti ngapi? Betri za mwaka gani? Mpini wa dharura upo? Kitabu cha maelekezo kipo? Kontena likikaa baharini na bandarini miezi mitano bila chaji, betri nyingi zinafika zikiwa maiti.

Na wewe kijana unayesoma hapa, ukienda kumwona bibi au mama wodini, inama uangalie plagi ya kitanda. Ikiwa chini, mwite nesi irudishwe. Simu ichaji kwa soketi ya korido, au nunua betri ya kutembea nayo.

Mwenye swali au aliyekutana na aina nyingine ya kitanda, aandike hapo chini tujadili.