Lance-voix na vyuma vya magari: namna likembe ilivyopata sauti Kinshasa

Miaka ya 1960, Kinshasa ilikuwa ikijaa watu. Wengi walitoka vijijini, wakaja na nyimbo zao na likembe, kile chombo kidogo cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba. Kijijini usiku, likembe ilisikika vizuri. Mjini, kati ya magari na baa, sauti yake ilimezwa na makelele.

Shida hiyo ilimpata pia Mingiedi Mawangu, mpigaji wa likembe kutoka kwa Bazombo, watu wanaoishi pande mbili za mpaka wa Congo na Angola. Vyombo vya kukuza sauti vilikuwa ghali. Yeye na wenzake wa kikundi cha Konono N°1 wakageukia vyuma vikuukuu.

Walitoa sumaku ndani ya vipuri vya magari, wakatengeneza mikro zao wenyewe. Kazi yake ni hivi: waya wa shaba unazungushwa kwenye sumaku, na kijiti cha chuma kikitikisika karibu, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya. Amplifikateri inauongeza umeme huo mpaka uwe sauti kubwa. Sufuria na vipande vya magari vikawa ngoma.

Kwa kutoa sauti nje walitumia lance-voix, vipaza sauti vya pembe vya aina iliyotumiwa wakati wa utawala wa Wabelgiji. Pembe inaanza na koo nyembamba, inapanuka kidogo kidogo mpaka kinywani. Utando mdogo ulio kooni unasukuma hewa kwa nguvu, na pembe inaielekeza sauti upande mmoja bila kuipoteza. Ndiyo maana umeme mdogo unatosha kufika mbali. Upungufu wake ni kwamba pembe fupi haibebi sauti nzito. Hiyo inadai pembe ndefu na pana.

Basi likembe ikatoka na mkwaruzo. Hawakuutafuta, lakini waliubakiza, na watu wa mitaani wakaupenda. Mwaka wa 1978, Mfaransa Bernard Treton alirekodi kikundi hicho Kinshasa. Mwaka wa 2004, albamu yao Congotronics ilitolewa Ubelgiji, na mkwaruzo uleule ukawapeleka kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani. Mingiedi alifariki mwaka wa 2015.

Leo, katika kambi za waliokimbia vita, megafoni inayotangaza ugawaji wa chakula inafuata kanuni ileile: batri ndogo, pembe moja, na watu wengi wanasikia. Aliyekimbia akaacha ngoma na redio nyumbani hakuacha ujuzi wake. Kijana wa kambini anayefungua redio iliyokufa ili kutoa sumaku asifukuzwe kama mtu anayechezea takataka. Konono N°1 walianzia hapo hapo.