Kutoka Itifaki hadi Skani: Historia ya Utafutaji wa Maneno na Nafasi ya Hati za Kiswahili

Kutafuta neno katika matini ni kazi iliyoitangulia kompyuta. Katika karne ya 13, Hugh wa Saint-Cher na watawa wenzake mjini Paris waliandaa itifaki ya Biblia, yaani orodha ya maneno na mahali yanapotokea. Mwaka 1949, padri Roberto Busa aliiomba kampuni ya IBM mashine za kadi ili aorodheshe maneno ya Thomas Aquinas. Matokeo yake, *Index Thomisticus*, yalichapishwa katika juzuu 56. Kwa kuwa maneno ya Kilatini hubadilika maumbo, Busa aliyapanga maumbo hayo chini ya maneno ya msingi. Uamuzi kuhusu maumbo yapi ni ya neno moja ulikuwa wa wanazuoni, si wa mashine.

Enzi ya skani imeuficha uamuzi huo. Ukurasa ulioskaniwa ni picha tu, hauwezi kutafutwa mpaka programu ya utambuzi wa herufi iugeuze kuwa matini. Tangu Raymond Kurzweil alipozindua mashine ya kuwasomea vipofu mwaka 1976, iliyotambua chapa za aina nyingi, imekuwa rahisi kudhani kwamba herufi zikishatambuliwa kazi imekwisha.

Hati za Kiswahili zinakanusha dhana hiyo. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 inaiita lugha yenyewe *Suahili*. Anayetafuta *Swahili* hataliona jina hilo. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilisimamia tahajia moja, lakini maandishi yaliyotangulia yalibaki na tahajia zake. Katika miswada ya hati ya Kiarabu, kama ile iliyomo katika mkusanyiko wa W. E. Taylor huko SOAS, London, alama tatu za irabu kwa kawaida hubeba irabu tano. Zaidi ya hayo, anayetafuta *jicho* hapati *macho*, wala *mato* ya Kimvita. Na *andika* haimfikishi kwenye *amemwandikia*.

Mfumo wa SALAMA, uliobuniwa na Arvi Hurskainen katika Chuo Kikuu cha Helsinki, ulionyesha kwamba kompyuta inaweza kuchanganua mofimu za Kiswahili. Hata hivyo, msingi wake ni Kiswahili sanifu.

Hatari iliyopo ni ya kitaaluma. Mtafiti asipolipata neno huhitimisha kwamba halikutumika, na ukimya wa mashine huhesabiwa kuwa ushahidi. Kwa njia hiyo lahaja zilizobeba ushairi mkongwe hutengwa mara ya pili. Kwa hiyo kila hati inahitaji tabaka tatu zilizounganishwa: picha, unukuzi mwaminifu, na tahajia sanifu yenye mizizi ya maneno. Tabaka la tatu lisifute la pili, na yote mawili yaandaliwe na wajuzi wa lahaja na hati.