Mbegu ya Southwell: Historia ya Tufaha la Nyumbani Uingereza

Mtufaha ni mti usioweza kurithisha tunda lake kwa mbegu, kwa kuwa mbegu zilizomo ndani ya tufaha moja, zikipandwa, huota miti inayotofautiana, ambayo aghalabu huzaa matunda madogo na machachu. Sababu yake ni kwamba ua la mtufaha kwa kawaida hukataa chavua, yaani ungaunga wa kiume wa maua, inayotoka katika mti wa aina yake, na hivyo kila mbegu hubeba mchanganyiko mpya wa wazazi wawili. Anayetaka kulihifadhi tunda alilolipenda hana budi kubebesha: hukata kikonyo, yaani kijiti chenye macho, kutoka mti uliochaguliwa, akakiunganisha na shina jingine lenye mizizi, ili tabaka hai zilizo chini ya magome zigusane na kushikana. Wakulima wa Muheza, ambao hubebesha michungwa juu ya milimau, wanaijua vyema kazi hii, na katika nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania ilikuwa imeshazoeleka katika zama za Warumi.

Jina lenyewe linahitaji ufafanuzi, kwa sababu kwa watu wa mwambao wa Afrika Mashariki tufaha ni lile tunda jekundu la majimaji lenye harufu ya waridi, la mti ulio ndugu wa mkarafuu, ilhali linalozungumzwa hapa ni tunda la nchi za baridi ambalo wengi huliita epo. Asili yake ni misitu ya milima ya Tian Shan, karibu na mji wa Almaty katika Kazakhstan, ambako mtaalamu wa mimea wa Urusi, Nikolai Vavilov, alifika mwaka 1929 na kutambua kwamba mitufaha ya mwituni aliyoiona ndiyo chimbuko la ile ya bustanini. Utafiti wa vinasaba ulikuja kuthibitisha kauli yake, ukaonyesha pia kwamba tunda hilo, liliposafirishwa kuelekea magharibi, lilichanganyika na matufaha pori ya Ulaya.

Hata hivyo, aina nyingi zilizopendwa hazikutoka kwa wataalamu bali nyuma ya nyumba za watu wa kawaida, na mfano bora ni ule wa Southwell, mji mdogo wa Nottinghamshire nchini Uingereza. Mwaka 1809 msichana aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda huko mbegu za tufaha, na mche mmoja ukahamishiwa katika bustani ya nyumbani kwao, ukakua na kuzaa matunda makubwa ya kijani, yenye uchachu mwingi, ambayo yakipikwa hulainika na kuumuka kama povu. Mwaka 1846 nyumba hiyo ilinunuliwa na Matthew Bramley, mwenye bucha, na miaka 10 baadaye kijana wa umri wa miaka 17, Henry Merryweather, ambaye jamaa zake waliuza miche, aliomba vikonyo vya mti huo. Bramley alikubali kwa sharti kwamba tunda liitwe kwa jina lake. Mary Ann, ambaye alifariki mwaka 1852, hakuyajua hayo.

Mwaka 1876 tunda hilo lilisifiwa na Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani, kisha likaenea hadi likawa tufaha kuu la mapishi nchini humo. Mti wake una seti tatu za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, badala ya mbili za kawaida, na kwa hiyo chavua yake ni dhaifu, haiwezi kuutungisha mti wa jirani. Ndiyo maana mwenye Bramley hushauriwa kuwa na mitufaha mingine miwili ya aina tofauti, itungishane yenyewe na kuutungisha huo wa tatu. Matunda yake huchumwa Oktoba, na yakifungwa moja moja katika karatasi za magazeti na kupangwa yasigusane mahali penye baridi, hudumu hadi Machi. Kutogusana huko ni muhimu, kwani lile ambalo Waswahili husema juu ya samaki mmoja aliyeoza, Waingereza husema juu ya tufaha.

Baada ya Uingereza kujiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973, matufaha ya Ufaransa yalijaa madukani, na bustani nyingi za kale zikang'olewa. Upotevu huo uliwasikitisha wengi, na mwaka 1990 shirika la Common Ground lilianzisha Siku ya Tufaha, inayoadhimishwa Oktoba 21, huku Brogdale, katika Kent, ikiendelea kutunza zaidi ya aina 2,000 za matufaha, pamoja na mapeasi na plamu.

Mti wa Southwell uliangushwa na upepo mwaka 1900, lakini ulichipua tena kutoka shina lililolala, ukaendelea kuzaa kwa zaidi ya karne nzima, hadi ukashambuliwa na kuvu waozeshao mizizi. Kila mti wa Bramley uliopo duniani umetokana na vikonyo vyake, na kwa hiyo umetokana na mkono wa yule msichana. Kwa haki, tunda hilo lilistahili kuitwa Brailsford.