Akili na mwili: tunajifunza nini kutoka Kashasha?

Wasikilizaji wengi hutuuliza: je, hofu au mawazo vinaweza kumfanya mtu augue kweli? Jibu ni ndiyo, na mfano mmojawapo unaojulikana duniani ulitokea hapa kwetu Kagera.

Tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha, wilayani Muleba, walianza kucheka bila kujizuia. Wengine wakafuata, wakicheka na kulia kwa zamu. Kati ya wanafunzi 159, walipatwa 95. Walimu hawakupatwa. Machi 18 shule ilifungwa, wasichana wakarudi kwao, na hali ikaenea hadi Nshamba, walikopatwa watu 217. Wenyeji waliuita ugonjwa wa kucheka.

Madaktari walipima damu na kuchunguza chakula. Hawakuona vijidudu wala sumu. Hakuna aliyekufa. Walieleza kwamba ni mfadhaiko uliopita kutoka mtu hadi mtu.

Mfadhaiko hupita wapi hadi kufika mwilini? Tiba ya jadi ya India, Ayurveda, inafundisha kuwa mwili una njia nyingi ziitwazo srota. Zipo za chakula, za damu na za pumzi, na ipo ya akili, inayoenea mwili mzima. Hospitali zetu hazitumii maelezo hayo. Zinaeleza kuwa ubongo hupeleka habari kwa mishipa ya fahamu na kwa homoni zinazosafiri katika damu. Ndiyo maana ukiogopa moyo hudunda, tumbo huvuruga na mikono hutetemeka.

Kwa hiyo aliyepatwa na hali hii haigizi. Usimpige, usimcheke, wala usitafute mchawi. Mtoe penye watu wengi, mkalishe mahali tulivu, zungumza naye kwa upole.

Lakini msikilizaji, usiamue mwenyewe kuwa "ni mawazo tu". Malaria kali, homa ya uti wa mgongo na kifafa navyo huvuruga akili. Mgonjwa akiwa na homa, shingo ngumu, degedege au akipoteza fahamu, mwahishe kwenye kituo cha afya. Kwa ninyi mlio Bumbire, ambako safari ya hospitali kubwa ni ya majini, msingoje kuche ndipo mtafute mtumbwi.