Pakiti Pacha: Historia ya Dhana na Istilahi Yake

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na kwa miaka mingi ndiyo iliyochukua mizigo na barua za uwanda huu hadi pwani. Mafuriko yalipoiharibu kati ya Kilosa na Gulwe, mwishoni mwa mwaka 2009, safari za treni zilikatika. Mtu wa Ipagala mwenye ujumbe usioweza kungoja hutaka njia mbili: barua moja aipe treni, na nyingine iliyo sawa nayo aipe basi. Lakini zote mbili zikifika salama, mpokeaji afanye nini? Swali hilo liliwakabili pia waasisi wa mitandao ya kompyuta, na majibu yao yanadai istilahi zilizo wazi.

Mwaka 1964 Paul Baran wa Marekani alichapisha pendekezo la mtandao wenye njia nyingi, ili moja ikiharibika ujumbe upite kwingine. Donald Davies wa Uingereza, aliyefikia wazo kama hilo peke yake katikati ya miaka ya 1960, ndiye aliyekipa kipande cha ujumbe jina tulilolitohoa kuwa pakiti. Yafaa ikumbukwe kwamba alitaka kwanza ushauri wa mwanaisimu, ili apate neno litakalotafsirika bila taabu katika lugha nyingine.

Mwaka 1974 Vinton Cerf na Robert Kahn walieleza jinsi pakiti zinavyoweza kutambuliwa kwa namba za mfuatano. Mpelekaji asipopata jibu kwa wakati, hupeleka tena. Kumbe pengine pakiti ya kwanza ilichelewa tu. Mpokeaji hutazama namba, na iliyokwisha kupokewa huitupa.

Mwaka 1985 Radia Perlman alishughulikia hatari nyingine. Njia zikifanya duara, pakiti moja huweza kuzunguka na kuzaana pasipo kikomo. Utaratibu wake hupumzisha baadhi ya njia mpaka zitakapohitajika. Hatimaye kiwango cha kimataifa IEC 62439-3, cha mwaka 2010, kiliweka utaratibu wa kupeleka pakiti mbili kwa makusudi, kila moja kwa mtandao wake. Itanguliayo hupokewa, ifuatayo hutupwa; mtandao mmoja ukikatika, hakuna kinachopotea wala kungojewa.

Wafasiri wengi wangeziita zote hizi nakala. Hapana budi tutahadhari. Katika ofisi zetu nakala ni kivuli cha barua halisi, na hadhi yake ni ndogo. Katika utaratibu wa mwaka 2010 hakuna halisi wala kivuli: pakiti zote mbili zina haki sawa, na kinachoamua ni ipi imetangulia. Fundi akisoma katika kitabu cha maelekezo “tupa nakala”, atatafuta halisi isiyokuwapo, na huenda akatupa iliyofika peke yake. Neno rudufu nalo lina kasoro hiyo hiyo, kwani mashine ya kurudufu huanza na karatasi mama. Kifurushi pia hakifai, maana wananchi wamekwisha kulizoea kwa muda wa maongezi na intaneti wanaoununua.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi tatu. Pakiti pacha ni mbili zilizopelekwa pamoja kwa makusudi. Pakiti ya marudio ni iliyopelekwa tena kwa kukosa jibu. Pakiti ya mzunguko ni iliyozaliwa na duara la njia. Njia isiyotumika mpaka nyingine ikatike na iitwe njia ya akiba.

Tarehe 12 Mei, 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika. Siku kama hizo ndizo zinazotukumbusha faida ya njia ya pili. Walimu na watumishi watakaotakiwa kueleza mambo haya kwa Kiswahili wasikose maneno ya kuyatenganisha.