Abasia ya Mtakatifu Petro Mjini Lyon

Wahenga walinena: Nyumba njema si mlango. Maneno hayo yaifaa sana nyumba moja kubwa iliyoko Ufaransa, mjini Lyon, kando ya kiwanja kiitwacho Place des Terreaux. Mtu azitazamaye kuta zake kwa nje hudhani kwamba ni jumba la mfalme. Naye akiuliza huambiwa kwamba ni makumbusho ya sanaa. Lakini nyumba hii haikujengwa kwa ajili ya mfalme wala kwa ajili ya picha. Ilijengwa kwa ajili ya masista waliokaa humo kusali.

Abasia ya Mtakatifu Petro ni ya kale sana, maana ilikuwapo kabla ya mwaka 1000. Masista wake walishika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ileile ishikwayo na Wabenedikto wa Peramiho na Ndanda tunaowajua sisi. Walitoka katika jamaa kubwa za makabaila, na mama mkuu wao alikuwa mtu wa mali na mamlaka. Mwaka 1659 kazi ya kuijenga upya ilianza, kwa mpango wa Royers de la Valfenière, fundi wa Avignon. Kisha, katika miaka ya 1680, ukumbi wa kulia ukapambwa kwa mpango wa Thomas Blanchet. Katika ncha mbili za ukumbi ziliwekwa picha mbili kubwa za Louis Cretey: moja ya Bwana akiwalisha makutano kwa mikate michache, ya pili ya Karamu ya Mwisho. Hivyo kila sista aliyeketi kula alikula kati ya meza hizo mbili. Hayo hayakuwa mapambo tu, yalikuwa mafundisho.

Mwaka 1789 yakaja Mapinduzi. Mali ya Kanisa ikatwaliwa na taifa, na mwaka 1792 masista wakatolewa nyumbani mwao. Kanisa la pili la abasia, la Mtakatifu Saturnino, likabomolewa. Mwaka 1793 mji wa Lyon uliasi, ukazingirwa na majeshi ya Jamhuri, ukashindwa. Na wakuu wa Paris wakaamuru mji uharibiwe na hata jina lake lifutwe. Nyumba nyingi za mji zikaangushwa. Yatupasa basi kuuliza: abasia iliponaje?

Twaona kwamba ilipona kwa sababu ilipewa kazi. Mwaka 1801 serikali ya Paris, kwa shauri la waziri Chaptal, iliamua kugawia miji mikubwa picha zilizokusanywa, nao mji wa Lyon ukapata fungu lake. Mwaka 1803 milango ilifunguliwa kwa watazamaji. Wafanya biashara nao walikutania humo, na shule ya kuchora ikawekwa humo. Lyon ulikuwa mji wa wafumaji wa hariri, na hariri yataka maua. Kwa hiyo picha za maua zikatundikwa ili wachoraji wa vitambaa wajifunze kwazo. Nyumba isiyo na kazi huwa chimbo la mawe kwa majirani. Hii haikukosa kazi.

Lakini tuitazame picha moja iliyomo, maana ndani yake mna fumbo. Ni picha ya Kupaa kwa Bwana, iliyochorwa na Perugino mwishoni mwa karne ya 15. Aliichora kwa ajili ya altare ya kanisa la Mtakatifu Petro mjini Perugia, nchi ya Italia, nalo lilikuwa kanisa la watawa Wabenedikto. Mwaka 1797 majeshi ya Ufaransa yaliitwaa, ikapelekwa Paris, na baadaye Lyon. Napoleon alipoanguka mwaka 1815, watu wa Papa walidai virudishwe vilivyotwaliwa. Hata hivyo mwaka 1816 Papa Pius VII, ambaye mwenyewe alikuwa amefungwa na Napoleon, aliuachia mji wa Lyon picha hiyo iwe zawadi. Basi kilichotwaliwa kwa nguvu kikabaki kwa hiari ya mwenyewe. Lakini altare ile haikuunganika tena: vipande vyake vingine vimo Rouen, vingine vimo Vatikano. Picha ilitoka katika nyumba ya Benedikto ikaingia katika nyumba nyingine ya Benedikto, wala haikukuta humo mtu wa kusali mbele yake.

Hapa lugha yetu yatufundisha neno. Wafaransa husema *musée*, jina lililotoka kwa Wayunani, nalo maana yake ni makao ya Muza, miungu wa kike wa nyimbo na elimu. Sisi twasema makumbusho, kutoka kumbuka na kumbusha. Jina letu ni kali zaidi, kwa kuwa lawadai wenye nyumba kazi: kumkumbusha mtazamaji. Nyumba yaweza kujaa vitu vizuri, isimkumbushe mtu chochote.

Twakiri kwamba faida ni kubwa. Zamani masista peke yao waliuona ua wa ndani. Leo ni bustani ya watu wote, na kanisa la abasia, lililoacha kuwa kanisa mwaka 1907, lina sanamu za kuchonga. Lakini katika ukumbi wa kulia, picha za Cretey zingali mahali pake, na kila aingiaye hufahamu mara moja zilichorwa kwa nini. Picha ya Perugino yahitaji mtu wa kuieleza.

Nasi walimu tukusanyao shuleni ngoma, vigoda na vibuyu vya wazee tuzingatie jambo hilo. Kitu kikiondolewa mahali pake, tuandike siku ileile jina lake, kazi yake, na jina la aliyetupa. Tusipofanya hivyo, tutakuwa tumehifadhi mti na ngozi, na ngoma yenyewe imepotea.