Walipoipigia kura lugha ya kompyuta

Ukimwambia mtu kwamba mwaka 2007 wasomi wa vyuo vikuu walipiga kura, na kwamba moja ya mambo yaliyowagawa lilikuwa kama herufi kubwa na herufi ndogo zihesabiwe kitu kimoja au vitu viwili, atadhani unamtania. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Na kwa vile mimi kazi yangu ni kuandika habari za watu wanaobishana, kisa hiki nimekipenda kuliko habari nyingi za kompyuta ambazo kwa kawaida huwa za simu mpya na bei zake.

Lugha yenyewe inaitwa Scheme. Ilizaliwa mwaka 1975 pale MIT, Marekani, na wazazi wake ni wawili: Gerald Sussman na mwanafunzi wake Guy Steele. Jina walilotaka ni Schemer, ila kompyuta waliyokuwa wakitumia ilikubali majina ya mafaili yasiyozidi herufi sita, basi ile r ya mwisho ikakatwa. Ukiitazama programu ya Scheme kwa mara ya kwanza utaona mabano, mabano, halafu mabano tena. Haijawahi kuwa lugha ya kutengenezea pesa kama Java. Ni lugha ya kufundishia na ya kufanyia utafiti, na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa MIT waliingia kwenye fani kupitia mlango huo.

Mwaka 1978 Sussman na Steele walitoa "ripoti iliyorekebishwa" ya lugha yao. Mwaka 1985 ikatoka nyingine, na wenyewe, kwa utani, wakaiita "ripoti iliyorekebishwa iliyorekebishwa". Utani ukanoga. Ya 1986 ikawa na marekebisho matatu, ya 1991 manne, ya 1998 matano, na badala ya kurudia neno mara tano wakaandika namba juu ya herufi R. Ndiyo maana wenye lugha wanasema R4RS, R5RS na kadhalika, na mgeni akisikia anadhani ni namba ya gari.

Sasa sikiliza namna ripoti hizo zilivyokuwa zikitungwa. Oktoba 1984 walikutana wawakilishi kumi na watano wa Scheme za sehemu mbalimbali, kwa sababu kila chuo kilikuwa kimeshaanza kuwa na lahaja yake na wanafunzi wa chuo kimoja wakawa hawaelewi programu za kingine. Kuanzia hapo ukajengeka utaratibu wa kukubaliana wote. Kitu hakiingii kwenye lugha mpaka waandishi wa ripoti wote wameridhia. Mmoja akitikisa kichwa, kimekwisha. Ni baraza la wazee kabisa, lile la kukaa chini ya mti hadi mkubaliane au jua lizame.

Faida ya utaratibu huo ni kwamba lugha ilibaki ndogo na safi. R5RS yote ilikuwa na kurasa 50. Hasara ni kwamba mambo ambayo kila mtu aliyahitaji, lakini kila mtu aliyataka kwa namna yake, hayakuingia kamwe. R5RS haikuwa na njia moja ya kugawa programu kubwa katika vipande vinavyoitana, haikuwa na njia moja ya kushughulikia makosa programu inapokwama, wala njia moja ya kutengeneza rekodi zenye sehemu zake. Kila mtengenezaji alijibunia. Ukiandika programu kwenye Scheme ya Montreal ukaipeleka kwenye ile ya Indiana, uwezekano mkubwa haitembei, ingawa zote mbili zinajiita Scheme na zote mbili zinaifuata ripoti. (Palikuwepo pia sanifu rasmi ya IEEE, namba 1178 ya mwaka 1990, ila watu waliendelea kuzifuata hizi ripoti za R.)

Walijaribu kupunguza tatizo kwa njia ya pembeni. Tangu 1998 mtu yeyote aliweza kuandika pendekezo la nyongeza, likajadiliwa hadharani kwa muda uliopangwa, na mwisho likathibitishwa au mwenyewe akaliondoa. Mapendekezo hayo huitwa SRFI na mengi yalikuwa mazuri. Lakini hakuna mtengenezaji aliyelazimika kuyafuata, kwa hiyo ilibaki kuwa kama menyu ambayo kila hoteli inapika chakula chake inachokiweza.

Basi, baada ya mkutano wa mwaka 2003, iliundwa kamati ya uongozi, na mwanzoni mwa 2004 ikatoka hati iliyobadilisha mchezo. Kungekuwa na wahariri wachache wa kuandika R6RS. Wao kwa wao wangeamua kwa kura wakishindwa kuafikiana. Rasimu ingetolewa kwa umma, umma ungetoa maoni, na mwisho wangeitwa watu kupiga kura ya ndiyo au hapana. Theluthi ngapi? Hapana, walichagua asilimia 60. Ule utaratibu wa kila mtu kuwa na turufu ukafa hapo.

Rasimu ya kwanza ya umma ilitoka Septemba 2006. Kutoa maoni rasmi hakukuwa suala la kupiga kelele tu. Ulijaza jina lako, ukasema unazungumzia toleo lipi na sehemu ipi ya ripoti, ukasema kama unachoripoti ni kasoro, ni nyongeza au ni njia ya kurahisisha, na kama ni kikubwa au kidogo. Kisha ukaeleza. Yalikuja zaidi ya mia mbili, na wahariri wakayajibu. Mimi nimekaa kwenye mikutano mingi ya "kukusanya maoni ya wadau" ambapo maoni yanaandikwa kwenye karatasi kubwa ukutani, chai inanywewa, posho zinatolewa, na zile karatasi hazionekani tena. Kwa hiyo nikisoma kwamba kila hoja ilipewa namba na jibu lake, navua kofia.

Tuje kwenye herufi. Katika R5RS ukiandika Mama au mama au MAMA, kompyuta inaona jina lile lile. Wahariri wakapendekeza yawe majina matatu tofauti, kama ilivyo kwenye C na Java. Wazee wakalalamika: miaka thelathini tumeishi hivi, programu zetu za zamani zitavunjika. Upande wa pili ulikuwa na hoja ambayo nadhani wengi hawakuitegemea. R6RS ilikuwa inaleta Unicode, yaani maandishi ya lugha zote za dunia, na huko habari ya "herufi kubwa ya hii ni ipi" si rahisi kama kwetu. Kwa Mturuki herufi kubwa ya i ni İ yenye nukta juu, na I isiyo na nukta ni kubwa ya ı, herufi nyingine kabisa. Mjerumani ana ß, na kwa desturi akiandika neno zima kwa herufi kubwa, hiyo moja inageuka SS, herufi mbili. Sasa kompyuta iseme majina mawili ni sawa kwa kanuni ya nani? Kuyatofautisha kulikuwa rahisi zaidi. Pendekezo likapita kwenye rasimu.

Mambo mengine yaliuma zaidi. Ripoti za zamani zilikuwa zikisema tu kwamba jambo fulani ni kosa, kisha zikamwachia mtengenezaji aamue kompyuta ifanye nini kosa hilo likitokea. R6RS ikaanza kuamuru: hapa lazima programu itoe taarifa ya hitilafu ya aina hii. Kwa mtumiaji huo ni usalama. Kwa mtengenezaji aliyekuwa akibana kila sekunde ili mashine yake iwe na kasi, au aliyekuwa ametunga nyongeza zake mwenyewe mahali hapo, huko ni kuingiliwa nyumbani kwake. Tena ripoti ilieleza programu kamili zinazoandikwa na kuendeshwa nzima, lakini ikakaa kimya kuhusu ule mtindo wa kuandika mstari mmoja na kompyuta ikakujibu papo hapo, mtindo ambao waalimu na wanafunzi wa Scheme ndio walioishi nao. Juu ya yote, ukubwa. Ripoti kuu ilifika kurasa 90 hivi, na maktaba zake zikahitaji ripoti ya pili ya kurasa kama 70. Waliokuwa wakijivunia kijitabu cha kurasa 50 walihisi kuibiwa.

Kura ilipigwa Agosti 2007. Yeyote angeweza kujiandikisha, mradi aeleze kwa maneno machache ana uhusiano gani na Scheme. Waliopiga walikuwa watu mia moja hivi. Ndiyo zikawa asilimia 65.7. R6RS ikapita, na Septemba ripoti ikatoka ikiwa na majina ya wahariri wanne: Michael Sperber, Kent Dybvig, Matthew Flatt na Anton van Straaten. Majina ya wapiga kura na sababu zao yaliwekwa hadharani, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo bora kuliko yote waliyofanya. Ukisoma sababu za waliosema hapana, utakuta watu wanaoijua lugha hii kindakindaki, wengine wao wakiwa wametengeneza Scheme zinazotumiwa na maelfu.

Na hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Bunge likipitisha sheria kwa asilimia 60, zile 40 nazo zinaifuata, zitake zisitake. Lugha ya programu haina polisi. Mtengenezaji asiyependa R6RS alikuwa na dawa rahisi sana: asiitengeneze. Scheme ya MIT yenyewe, nyumbani kwa lugha, haikuifuata. Gambit haikuifuata, wala Chicken. Chez, Racket, Larceny na baadaye Guile zikaipokea, nyingine kikamilifu na nyingine kwa sehemu. Hesabu ya kura ilimpa mwanafunzi wa mwaka wa pili uzito ule ule wa mtu aliyeandika Scheme nzima kwa mikono yake, jambo ambalo kwenye karatasi ni haki tupu, lakini baada ya matokeo kutangazwa yule wa pili bado alikuwa na turufu yake mfukoni. Ile turufu ya zamani haikufa kumbe, ilihama tu kutoka mezani kwenda karakana.

Sidhani wahariri walikosea kuacha utaratibu wa kukubaliana wote. Kwa utaratibu ule R6RS isingetoka mpaka leo. Nadhani tu kwamba asilimia 60 ilikuwa kizingiti cha kushinda uchaguzi, nao walikuwa wanatafuta kitu ambacho wapinzani wao wangekubali kukifanyia kazi bila kulipwa.

Mwaka 2009 ilichaguliwa kamati mpya ya uongozi, na ndani yake walikuwemo Will Clinger, Marc Feeley, Chris Hanson, Jonathan Rees na Olin Shivers. Agosti mwaka huo wakatoa uamuzi wa kiutu uzima: familia igawane vyumba. Kungekuwa na Scheme ndogo, mrithi wa R5RS, kwa waalimu, watafiti na wapenda kurasa chache, na Scheme kubwa kwa wanaoandika programu nzito, lakini zote mbili zielewane. Kikundi cha ndogo kiliongozwa na Alex Shinn. Walifanya kazi hadharani vile vile, rasimu baada ya rasimu, na mwaka 2013 R7RS ndogo ikapitishwa. Ina kurasa zisizofika 90, na safari hii Chicken, Gambit na hata MIT waliipokea.

Ukiifungua utakuta ina maktaba. Ina namna ya kushughulikia hitilafu. Na Mama na mama ni majina mawili tofauti.

Ile kubwa ilikabidhiwa kikundi cha John Cowan. Waliamua kuitoa vipande vipande na kuvipa majina ya rangi: toleo jekundu likapigiwa kura na kutoka 2016, la rangi ya chenza 2019. Mwaka 2023 Cowan aliachia uenyekiti, na wakati huo kazi ilikuwa bado haijaisha.